Sura ya Saba: Upepo Hautoki

Kuanzia Novemba, joto la Dar es Salaam linapoanza kukaza, pikapu huingia gereji moja baada ya nyingine na madereva hushuka na agizo lililokwisha kuiva: "Fundi, AC imekufa. Niongezee gesi." Fundi mwenye njaa ataongeza. Ataunganisha mipira yake, atatazama geji, ataingiza gesi kwenye mfumo usiopungukiwa na kitu. Mteja ataondoka na ubovu uleule aliokuja nao, pamoja na mwingine mpya, maana gesi ikizidi hupandisha presha na kuichosha kompresa. Yote hayo kwa sababu hakuna aliyeweka kiganja mbele ya tundu la dashibodi akauliza swali la kwanza kabisa: upepo unatoka?

Gesi na upepo ni kazi mbili. Gesi, ikisukumwa na kompresa, hupoza evapareta iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni husukuma hewa ipite kwenye evapareta hiyo ije usoni kwako. Gari lisilo na gesi hata chembe litakupulizia upepo wa kutosha, ila wa moto. Gari lenye gesi kamili na feni iliyokufa litakaa kimya. Tena kwenye magari mengi ya Toyota na ya Wajapani wengine, feni ikizimwa kompresa nayo hukatazwa kuwaka, na hata kile kitaa cha kitufe cha AC hakiwaki. Dereva akiona hivyo husema mfumo wote umekufa, kumbe kilichokosekana ni upepo tu.

Mwaka 1939 kampuni ya Packard ya Marekani ilipotangaza gari lenye kiyoyozi cha kufungwa kiwandani, evapareta iliwekwa nyuma kwenye buti, na aliyetaka kuizuia kompresa isizunguke ilimbidi asimame, afungue boneti na kuvua mkanda. Akiwa kwenye usukani, kitu alichoweza kukitawala kilikuwa feni. Tangu siku hizo feni ndiyo sehemu ya kiyoyozi inayoguswa zaidi na mkono wa dereva, na ndiyo inayozunguka muda mrefu kuliko nyingine zote, hata siku ambazo AC imezimwa.

Nimechagua pikapu kwa sababu ndiyo inayoteseka. Gari dogo la mjini linavuta hewa ya barabara ya lami. Pikapu inavuta vumbi la barabara ya kisima huko Singida, makapi ya mahindi ya soko la Kibaigwa, saruji, nyasi, na usiku inalazwa chini ya mwembe unaodondosha majani kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. Matundu hayo ndiyo mdomo wa feni. Na pikapu nyingi za kazi hutoka kiwandani bila kichujio cha hewa ya kabini, ingawa nafasi yake ipo nyuma ya droo ya dashibodi, imezibwa kwa plastiki. Chochote kinachoingia mdomoni kinamezwa.

Feni zenyewe si moja. Ya ndani, ambayo mafundi huiita blowa, inakaa nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria, na kwa kawaida inashikwa na skrubu tatu zinazofunguliwa kutokea chini. Ina mota ndogo ya sumaku na gurudumu la plastiki lenye mapezi mengi membamba. Ya mbele inapoza kondensa, ile rejeta nyembamba iliyo mbele ya rejeta ya maji. Kwenye pikapu nyingi za dizeli kazi hiyo hufanywa na feni kubwa ya injini inayozungushwa na mkanda, na baadhi huongezewa feni ya umeme. Feni ya ndani ikifa hupati upepo. Ya mbele ikifa unapata upepo usio na ubaridi. Mwenye gari akishajua tofauti hiyo, amemaliza nusu ya safari kabla hajafika kwa fundi.

Nianze na ya ndani, maana humo ndimo fedha nyingi hupotea.

Kabla ya kushika bisibisi, sikiliza historia. Imekufa ghafla au ilianza kudhoofika? Ni namba zote za kasi au baadhi? Ilikuwa inapiga kelele? Ukipita kwenye tuta inaamka? Kila jibu linafunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Feni inayofanya kazi kwenye namba nne peke yake, moja mpaka tatu zikiwa kimya, inataja rizista, kile kifaa kinachopunguza umeme wa feni kwenye namba za chini, kwa sababu namba nne ndiyo pekee isiyopitia humo. Ikiwa moja mpaka tatu zinafanya kazi na nne imegoma, rizista haina hatia. Tazama swichi, ambayo kwenye namba nne hupitisha umeme mwingi kuliko namba nyingine zote, na mguso wake huungua mapema. Feni iliyokufa namba zote kwa mpigo inakurudisha kwenye fyuzi, rilei, ethi au mota. Na ile inayoamka ukigonga mwili wake kwa mpini wa bisibisi imekwisha kaboni: vile vipande viwili vinavyosugua kwenye shaba vimelika mpaka springi haivifikishi tena. Itafanya kazi leo, na kesho itagoma katikati ya safari.

Hapo ndipo wengi hukimbilia dukani. Mimi nasema ngoja, pima. Kinachotakiwa si mashine ya thamani. Ninachokiamini zaidi ni balbu ya H4, ile ya taa kubwa, iliyoungua upande mmoja na kubaki na mwingine, ikiunganishwa nyaya mbili zenye makoleo. Balbu hiyo ya wati 60 inavuta kiasi cha ampea 5. Mita ya kidijiti haivuti karibu chochote, na huo ndio udhaifu wake. Waya ulioliwa na kutu ukabaki na unywele mmoja wa shaba utaionyesha mita volti 12 kamili, na fundi ataapa kwamba umeme umefika. Upe waya huohuo kazi ya kuwasha balbu ya H4, mwanga utakuwa mwekundu kama wa sigara au hautawaka kabisa. Nyaya zenye plagi za njano usiziguse kwa balbu wala kwa mita. Hizo ni za mifuko ya hewa ya ajali, na mfuko wa abiria uko hapohapo juu ya droo.

Sasa tazama jinsi umeme unavyotembea, kwa sababu kwenye pikapu nyingi za Toyota za swichi ya kuzungusha haupiti njia ambayo watu hudhani. Chanya inatoka betri, inapita fyuzi kubwa na rilei, inafika moja kwa moja kwenye mota. Kutoka mota inashuka kwenye rizista, kisha kwenye swichi, kisha kwenye ethi ya bodi. Yaani swichi yako ya feni haileti umeme kwenye mota. Inafungua njia ya kurudi. Ukilijua hili, plagi ya mota yenye nyaya mbili inageuka kuwa mahali pa kusomea kila kitu.

Washa funguo, weka feni namba moja, acha plagi ikiwa imechomekwa, na uchokoe waya mmoja baada ya mwingine kwa nyuma ya plagi, ncha nyingine ya mita ikiwa kwenye chuma kisafi cha bodi. Nyaya zote mbili zikisoma sifuri, chanya haijafika: rudi kwenye fyuzi na rilei, mota haijahusika. Mmoja ukisoma 12 na mwingine pia 12, mota imeupitisha umeme vizuri, lakini umekosa njia ya kurudi. Tatizo liko chini yake, kwenye rizista, swichi au ethi. Sogeza swichi hadi namba nne na utajua kama ni rizista au la. Na kama mmoja unasoma 12 na mwingine sifuri huku mota imetulia, basi imepewa kila kitu na imekataa. Hiyo ndiyo mota iliyokufa, na hiyo peke yake. Vipimo viwili, na umeepuka kununua vifaa vitatu.

Kupima huku kunachukua muda mfupi kuliko kwenda kununua spea Gerezani na kurudi. Inaniuma kuona mteja analipishwa mota kwa ubovu wa waya wa ethi, kisha ile mota nzima iliyotolewa inauzwa kwa mteja mwingine.

Fyuzi nayo ina la kusema. Ya feni mara nyingi ni ya ampea 30 au 40, na haiungui kwa uzee. Ikiungua, kuna kitu kimevuta kupita kiasi. Desturi ya kuzungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au kuunga dairekti kwa kipande cha waya, humwondoa mlinzi pekee aliyekuwepo kati ya betri na nyaya zilizopita nyuma ya dashibodi, juu ya sponji na plastiki, mbele ya magoti ya abiria. Gari huanza kuungua namna hiyo. Fundi anayekufanyia hivyo akisema ni ya muda, mwambie asubiri uende ukanunue fyuzi.

Pikapu iliyonifundisha kuifuatilia rizista ilikuwa ya mzee mmoja anayesafirisha mabomba ya visima. Alishuka amekasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Hii rizista imenishinda. Nafunga mpya, wiki mbili haipo."

"Unafunga za aina gani?"

"Zote. Za boksi, za kuchinjwa, zote zinakwenda."

"Na mota mliwahi kuishusha?"

"Mota ya nini, fundi? Mota nzima. Si inapuliza namba nne?"

Hapo ndipo penye mtego. Mota inayozunguka kwenye namba nne imethibitisha jambo moja tu, kwamba inazunguka. Haijasema inakula kiasi gani. Tuliibana waya wake kwa mita ya koleo, ile inayosoma ampea bila kukata waya, tukaona inavuta zaidi ya ampea 20. Tukaishusha. Ndani ya gurudumu kulikuwa na kiota: nyuzi za sponji, maganda ya mahindi, karatasi ya risiti iliyotafunwa ikawa laini kama pamba. Panya alikuwa ameingia kwa matundu ya chini ya kioo. Mhimili ulikuwa mkavu, ukigeuzwa kwa vidole unakwaruza na kusimama hapohapo, wakati mota nzima huendelea kuserereka kidogo baada ya kuiachia. Tulisafisha, tukaosha gurudumu, tukatia bushi tone moja la mafuta mepesi kila upande. Ni tone, si zaidi, maana mafuta yakimwagika hufika kwenye kaboni na kuitengenezea tope. Iliporudishwa mita ilishuka mpaka ampea 14.

Sababu inaeleweka ukijua tabia ya mota. Ikizunguka kwa kasi, yenyewe huzalisha umeme unaopingana na ule wa betri, na upinzani huo ndio unaozuia isile kupita kiasi. Ikizuiwa isizunguke vizuri, upinzani huo unapungua na ampea zinapanda. Ampea zote hizo, kwenye namba moja, mbili na tatu, zinapita ndani ya rizista, ambayo kazi yake ni kugeuza sehemu ya umeme kuwa joto. Kwa sababu hiyo waliobuni mfumo huu waliiweka rizista ndani ya mkondo wa upepo wa feni yenyewe, ipozwe na feni inayoitawala. Feni ikielemewa, rizista inapata joto zaidi na upepo pungufu kwa wakati mmoja. Nyingi zina kifyuzi kidogo cha joto kilichochomelewa katikati. Kikikatika, namba moja, mbili na tatu hufa pamoja. Mzee alikuwa amebadilisha kifaa kilichokuwa kinafanya kazi yake sawasawa, yaani kukatika kabla plastiki haijashika moto.

Kuna jambo hapa ambalo hata mafundi wazoefu hulielewa kinyume. Husema kichujio kilichoziba huielemea mota. Sivyo. Feni ya aina hii ikizibiwa hewa huwa na hewa chache ya kusukuma, kwa hiyo mzigo unapungua, inazunguka kwa kasi zaidi na kula ampea chache. Ndiyo maana kichujio kikiziba unasikia feni ikilia kwa sauti ya juu huku upepo ni hafifu. Lakini rizista bado inaungua, kwa sababu iko kwenye chumba kisicho na upepo wa kuipoza. Njia mbili zilizo kinyume zinafika kwenye rizista moja iliyokufa, na mita ya koleo ndiyo inayokwambia ni ipi: ampea zikiwa juu, tafuta msuguano, zikiwa chini na upepo hautoki, tafuta kilichoziba.

Tulipomaliza na mota ya mzee, kazi haikuwa imeisha. Plagi ya rizista ilikuwa imebadilika rangi, plastiki nyeupe imekuwa kahawia, na tundu moja limeyeyuka na kuipindisha pini ndani yake. Plagi ya namna hii ukiirudisha, umejiandalia safari nyingine. Piga hesabu. Mguso uliolegea wenye ukinzani wa omu 0.1 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukisoma kwa uhakika, ukipitishiwa ampea 20 unapoteza volti 2, na mahali hapo panazalishwa wati 40 za joto. Wati 40 ni pasi ya kuchomelea risasi ya fundi redio. Hebu fikiria umeiwasha na kuisukumiza ndani ya plagi ya plastiki iliyo nyuma ya dashibodi, ukaiacha humo kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Kadiri plastiki inavyoyeyuka pini inalegea zaidi, na ukinzani unaongezeka, na joto linaongezeka.

Dawa ni plagi nyingine yenye nyaya za unene uleule, zikiunganishwa kwa viunganishi vya kubana au kuchomelewa vizuri na kuvishwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Kusokota waya kwa vidole na kuzungushia tepu nyeusi kunaleta tena mguso mbaya uleule, sentimita chache kutoka pale ulipokuwa.

Mguso mbaya haukai kwenye plagi peke yake. Waya wa ethi uliofungwa juu ya rangi au kutu ni mahali pengine, na magari ya pwani yanayokula upepo wa chumvi yanalijua hilo. Hapa mita inarudi kuwa na thamani, mradi uipime feni ikiwa inafanya kazi. Washa namba nne, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa mota unaorudi. Ungetaka kuona sehemu ndogo ya volti. Ukiona volti moja na kupanda, umeme wako unapotea njiani kurudi nyumbani. Fuata hatua kwa hatua, swichi, kisha ethi, mpaka utakapoona namba inashuka ghafla. Ulipovuka ndipo palipo na ubovu. Fanya hivyohivyo upande wa chanya. Feni ya uvivu ambayo kila mtu amesema ni mota imechoka, mara nyingi huponywa na msasa na boliti moja iliyokazwa.

Kaboni zikiisha, si lazima mota itupwe. Wapo mafundi wetu wanaochukua kaboni kubwa zaidi na kuzisaga kwa msasa mpaka ziingie, na kazi hiyo ninaiheshimu, kwa sharti kwamba kaboni itembee huru kwenye nyumba yake na springi iisukume bila kukwama. Lakini tazama shaba inayosuguliwa. Kama imechimbika mifereji mirefu, kaboni mpya italiwa haraka, na hapo ni bora ununue mota.

Ukifunga mota ya kuchinjwa, angalia inazunguka kuelekea wapi. Feni ya mapezi ya namna hii ina tabia ya kupotosha: ukigeuza nyaya, chanya ikaenda kwenye hasi, itazunguka kinyume na bado itasukuma hewa upande uleule, ila kidogo sana. Sauti ipo, mota ni ya baridi, ampea si za kutisha, na upepo ni wa kuzimia mshumaa. Mteja huambiwa evapareta imeziba, dashibodi nzima inashushwa. Kumbe ni nyaya mbili zimebadilishana nafasi, au mota imevishwa gurudumu la gari la usukani wa kushoto lililotengenezwa kuzunguka upande mwingine.

Kuna ubovu mwingine unaojifanya ni wa feni na si wa feni hata kidogo. Pikapu inatoka Morogoro asubuhi, upepo mzuri, baridi nzuri. Baada ya Dumila upepo unaanza kupungua. Dereva anaongeza namba, sauti inapanda, upepo hauongezeki. Anafika Gairo amelowa jasho, anasimama kula. Akirudi na kuwasha, upepo umerudi kama mpya, na chini ya gari upande wa abiria kuna dimbwi la maji. Atamwambia fundi kwamba mota ikipata moto inachoka. Mota haikuchoka. Evapareta iliganda. Maji yanayotoka kwenye hewa yaligeuka barafu kati ya mapezi yake, barafu ikaziba njia, na muda wa chakula ukatosha kuiyeyusha. Sauti ndiyo shahidi: mota inayokufa hubadilika sauti, ikawa nzito au ya kusuasua, feni iliyozibwa na barafu inaendelea kulia kwa nguvu zilezile. Ukihakikisha ni barafu, acha feni na utafute kihisi cha joto cha evapareta, ambacho kilipaswa kuizima kompresa kabla evapareta haijafika nyuzi sifuri, au kichujio, au hata gesi iliyopungua. Ndiyo, gesi pungufu inaweza kugandisha, maana presha ikishuka joto la evapareta hushuka nalo. Hii ndiyo nafasi pekee katika sura hii ambapo mwenye kusema "gesi" anaweza kuwa na haki.

Pikapu mpya zaidi, na zile zenye AC ya kujiendesha, hazina rizista ya waya. Mahali pake kuna kifaa cha kielektroniki chenye mapezi ya alumini ya kupozea, na kompyuta hukitumia ishara ndogo ya kuamua kasi. Nyaya zake ni chanya, ethi na ishara, na kanuni haibadiliki: kama vyote vitatu vimefika na feni haizunguki ilhali mota ikipewa betri moja kwa moja inazunguka, kifaa kimekufa. Nacho hufa kwa sababu zilezile za rizista. Kabla ya kulipa bei yake, ambayo inauma zaidi, bana mota kwa mita.

Nihamie feni ya mbele. Hapa dalili ni tofauti kabisa na haichanganyi mtu anayesikiliza. Barabara ya wazi AC inapoza, foleni ya Buguruni inatoa upepo wa vuguvugu, foleni ikifunguka baridi inarudi. Gari likitembea hewa inapita kwenye kondensa bila msaada; likisimama, inategemea feni. Pasipo feni, gesi haitoi joto lake, presha inapanda, na ikikaribia bar 30 swichi ya usalama inaikata kompresa. Hii nayo mara nyingi sana hutibiwa kwa kuongeza gesi, tiba inayoongeza presha kwenye mfumo ambao shida yake ni presha.

Kwenye feni ya mkanda, tazama klachi yake ya mafuta mazito, ile ngoma ya alumini katikati ya feni. Injini ikiwa imezimwa na ina moto, zungusha feni kwa mkono: inapaswa kukataa. Ikizunguka bila kizuizi, au ukiona mafuta meusi yamerukia mbele ya ngoma, klachi imekwisha. Usijaribu kamwe kuisimamisha kwa gazeti au kijiti injini ikiwa inawaka, kama nilivyoona vijana wakifundishwa. Mapezi ya feni huvunjika na vipande hurukia uso.

Feni ya umeme ya mbele inapimwa kama ya ndani, chanya na ethi, kwa balbu ileile ya H4. Inakaa mahali pabaya kuliko zote, mbele kabisa, ikipokea tope na maji ya kila dimbwi, hivyo plagi yake huoza kwa kutu ya kijani kabla mota haijachoka. Osha pia nafasi iliyo kati ya kondensa na rejeta, ambamo nyasi na wadudu hujibana bila kuonekana kutokea mbele, na uoshe kwa maji ya kawaida, si ya mashine yenye nguvu inayolaza mapezi.

Ukimaliza kufunga, washa AC gari likiwa limesimama na ushike karatasi mbele ya grili. Inapaswa kuvutwa na kunata hapo. Ikipeperushwa kuelekea kwako, feni imefungwa nyaya kinyume na inapigana na upepo wa safari. Tofauti na ya ndani, hii ya mapezi mapana ikigeuzwa hupuliza kinyume kweli. Vua plagi, badilisha nyaya mbili, rudisha karatasi.